Alama kwenye kisigino cha mama

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 81, na tangu alipopatwa na kiharusi anaishi katika nyumba ya kutunzia wazee kwa sababu hawezi kujigeuza kitandani. Wiki iliyopita nilipomvua soksi niliona kisigino chake cha kulia kina alama iliyokoza kuliko ngozi inayoizunguka, ingawa hakijachubuka. Wahudumu wanasema hicho si kidonda. Wanamgeuza kila baada ya saa mbili, wanakisugua kisigino kwa mafuta, na wamemwekea pete ya mpira chini ya makalio. Je, hayo yanatosha?

JIBU: Hayatoshi, na mawili kati yake yanaweza kumdhuru. Kidonda cha mgandamizo hakisubiri ngozi ichubuke ndipo kiitwe kidonda. Uzito wa mwili hubana nyama katikati ya mfupa na godoro, mishipa midogo ya damu ikazibika, na nyama iliyokosa damu kwa saa kadhaa huanza kufa huku ngozi ya juu ikiwa bado nzima. Kwa mtu mwenye ngozi nyeupe dalili ya kwanza ni wekundu usiopotea unapobonyezwa kwa kidole, lakini kwa ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, na ndiyo maana wengi wetu huchelewa kutambuliwa. Hapo mkono hufanya kazi ya jicho. Shika visigino vyote viwili kwa wakati mmoja: kile chenye alama kikiwa na joto au baridi kuliko mwenzake, kikiwa kigumu au kinabonyea kama sponji, au mama akikunja uso unapokigusa, hesabu kwamba kidonda kimeanza. Kumbuka pia kwamba kiharusi huweza kuondoa hisia upande mmoja, kwa hiyo kutolalamika kwake si uthibitisho wa chochote. Alama ikielekea rangi ya zambarau, muuguzi aione siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda madhara yako ndani zaidi.

Tiba ya kwanza ya kisigino ni kukiondoa kabisa kwenye godoro. Mto ulazwe kwa urefu chini ya shavu la mguu, kuanzia karibu na goti hadi juu kidogo ya kifundo, goti likiwa limekunjika kidogo, ili kisigino kibaki hewani. Pitisha karatasi kati ya kisigino na shuka. Ikikwama, mto haujakaa vizuri.

Kusugua kukomeshwe. Nyama iliyokwisha kubanwa huchanika kwa ndani inaposuguliwa. Mafuta yapakwe taratibu kwa ajili ya ukavu tu, na yasikandwe juu ya mfupa. Pete ya mpira nayo hubana ngozi kuizunguka na kupunguza damu inayofika katikati, yaani palepale inapodhaniwa kupalinda. Badala yake omba godoro la sponji lililotengenezwa kwa ajili ya kupunguza mgandamizo, au la hewa linalojaa na kupungua kwa zamu.

Saa mbili ni kipimo cha mazoea tu. Ikiwa kila anapogeuzwa alama ya mahali alipolalia bado ipo, muda huo ni mrefu mno kwake. Asilazwe ubavu kamili juu ya mfupa wa nyonga. Ainamishwe kiasi cha nyuzi 30, mto ukiuegemeza mgongo. Kichwa cha kitanda nacho kisizidi nyuzi 30 isipokuwa wakati wa kula na muda mfupi baadaye, au daktari anapoagiza vingine, kwa sababu mwili ukiteremka huku ngozi imenasa kwenye shuka, nyama ya kifandugu huvutwa pande mbili. Wakati wa kumpandisha juu, watu wawili wamwinue kwa shuka wala wasimburute. Akiwa kitini, asipitishe saa nzima bila kusogezwa. Nami nimewahi kushika fomu ya kugeuza mgonjwa iliyojazwa saa za usiku kucha kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, ilhali shuka lilikuwa limelowa. Tangu hapo nauangalia mgongo kabla ya karatasi.

Unyevu wa mkojo hulainisha ngozi na kuifanya ichubuke upesi, hivyo nepi ibadilishwe mara inapolowa, ngozi isafishwe bila kusuguliwa na ipakwe krimu ya kuikinga. Chakula nacho kina nafasi yake: mzee aliye katika hatari huhitaji takriban gramu 1.25 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani kama gramu 63 hadi 75 kwa mwenye kilo 50, isipokuwa figo zake zina tatizo na daktari ameelekeza vingine.

Mwulize muuguzi mkuu mama amepata alama ngapi katika kipimo cha Braden, yaani cha kukadiria hatari ya kupata kidonda cha mgandamizo, kinachoanzia 6 hadi 23; kwa kawaida 18 au chini yake huhesabiwa kuwa hatarini, na alama hiyo ipimwe upya kila hali yake inapobadilika. Ngozi ikipasuka, ikitoa majimaji au harufu, au mama akipata homa, daktari aitwe bila kusubiri zamu ya kesho.