Wadogo zangu, B2 haitoshi wodini

Wadogo zangu, mmeniuliza kama cheti cha B2, yaani kiwango cha nne kati ya sita vya lugha ya Kijerumani, kinatosha kuja kufanya uuguzi huku Ujerumani. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya ajira Septemba 2024, swali hili haliishi. Siwafichi: cheti kinakufikisha wodini, basi.

Saa kumi na mbili asubuhi mwenzako wa zamu ya usiku anakukabidhi wagonjwa. Anaongea mbio, na lafudhi ya kwao. Anasema bibi wa kitanda cha dirishani ana wekundu kwenye Steißbein. Darasani ulifundishwa kuwa Bein ni mguu. Ukikimbilia miguu, kidonda cha kulalia kinaanza kwenye kifandugu na bibi wa watu hajageuzwa.

Chanzo cha mkanganyiko huu wa Bein ni cha kale sana. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kabla Kijerumani, Kiingereza, Kiholanzi na Kiswidi hazijaachana, palikuwa na neno ambalo wanaisimu huliandika *bainą. Kinyota hicho kinaonyesha kwamba halikukutwa katika maandishi yoyote, limeundwa upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa. Lilimaanisha mfupa. Waingereza wamebaki na maana hiyo hadi leo, bone. Wajerumani walilihamishia mguuni, mfupa wakauita Knochen. Wapo wanaolihusisha na beinn la Kinorse cha kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, yaani nyoofu, na ukiutazama mfupa wa paja unaona kwa nini. Fuß, yaani wayo, lina ndugu hadi Kilatini na Kigiriki; hili la mfupa halijapatiwa ndugu wa uhakika nje ya ukoo wake.

Ila maana ya zamani ingali hai ndani ya maneno marefu, na hayo ndiyo utakayoyasikia kila siku: Schlüsselbein ni mtulinga, Schienbein ni mfupa wa muundi, Brustbein ni mfupa wa kidari. Hata pembe ya ndovu wanaiita Elfenbein. Nilipolijua hili, ripoti za asubuhi zilianza kunieleweka, na nilifurahi kupita siku ya kupokea cheti.

Mshahara upo na karo za nyumbani zinalipika. Upweke nao upo, hasa Desemba jua linapozama saa kumi jioni. Hayo mtayazoea. Lakini mzee aliyelala hawezi kusubiri ujifunze, kwa hiyo kabla ya kukata tiketi yajueni majina ya mwili mzima, na myasikilize yakisemwa kwa kasi.