Theluthi mbili ya nini?

Wahariri, salamu kutoka Katuba. Swali lenu la wiki hii ni hili: «Mtumishi akiugua miezi mingi, nani anapaswa kumlisha: patroni, Serikali ao jamaa?» Nililisoma mchana, nikafunga simu, nikala bukari yangu. Saa nne za usiku nikaifungua tena.

Nilikuwa karani wa malipo miaka 22 hapa Lubumbashi, katika nyumba ya biashara ambayo sitaitaja jina. Kwa hiyo niseme mara moja kwamba hilo la «nani» sheria ilishalimaliza. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema mtumishi akiugua, kontra yake, yaani mkataba wake wa kazi, inasimama, haifi. Wakati imesimama patroni anamlipa theluthi mbili ya malipo yake ya pesa, posho ya watoto haikatwi, na matibabu yake pamoja na ya bibi na watoto yanabaki juu ya patroni. Wengi wanadhani CNSS, kasha la Serikali la hifadhi ya jamii, ndiyo inayolipa. Hapana. CNSS ina pensheni, posho za familia, uzazi, na ajali ao magonjwa yanayotokana na kazi, hata ajali ya njiani ukitoka nyumbani moja kwa moja kwenda kazini. Malaria, kisukari, kifua kikuu, mgongo: hayo ni mfuko wa patroni.

Basi makosa ni yetu sisi watumishi, maana hatusomi. Mtu anatia sahihi karatasi ya malipo miaka kumi, hajawahi kuuliza mstari wa tatu unasema nini. Swali ambalo ningependa mngeuliza ni lile ambalo mama mmoja aliniuliza mwaka 2017, mbele ya dirisha langu lenye vyuma: «Papa karani, theluthi mbili ya nini?»

Bwana yake alikuwa magazinie wetu, mtunza depo ya simenti, mwenye miaka tisa ya kazi. Alianza kukohoa wakati wa mvua, tukamcheka kwamba amemeza simenti. Mwezi wa tatu munganga (daktari) akapima makohozi, ikawa kifua kikuu. Dawa zake ni za bure, lakini ni za miezi sita: miwili ya kwanza vidonge vingi, minne inayofuata vichache. Sertifika ya kwanza ya ugonjwa iliandikwa Jumatatu tarehe 6 Machi.

Mshahara wake wa baze, yaani wa msingi, ulikuwa franga 180.000. Juu yake kulikuwa na prime, yaani nyongeza, za kila mwezi 45.000. Jumla 225.000, na theluthi mbili yake ni 150.000. Hesabu ya mtoto wa shule. Nilimpelekea patroni, akaitazama, akasema: «Fanya ku baze tu.» Theluthi mbili ya 180.000 ni 120.000. Nikafuta, nikaandika upya. Sheria inapoeleza maana ya malipo inahesabu na prime ndani. Inayoacha nje ni mambo kama nyumba, transporti, matibabu na posho ya watoto. Nilijua hilo, kwa sababu kitabu kilikuwa kwenye mtoto wa meza yangu.

Bibi yake ndiye aliyekuwa anakuja kuchukua bahasha. Alikuja mwisho wa Machi amefunga liputa la kijani, sertifika ameikunja ndani ya daftari la shule. Akafungua karatasi ya malipo hapo hapo dirishani, akaweka kidole kwenye namba, akakitembeza chini polepole, akarudi juu. Nyuma yake kulikuwa na mashofa wawili wanaguna. Ndipo akauliza. Nami nikajibu: «Ya mushahara, mama.» Si uongo. Baze ni mshahara. Akanitazama kidogo, akasema asante, akaenda.

Alirudi Aprili, Mei, Juni. Hakuuliza tena.

Jumatatu tarehe 3 Julai, baada ya wikendi ya sikukuu ya uhuru, namuona magazinie mwenyewe getini. Ovaroli imepigwa pasi, lakini mwili wa kuijaza haupo. Mkanda wake ulikuwa na tundu jipya lililotobolewa kwa msumari. Alisema munganga amemwambia hawezi tena kuambukiza mtu, na kwamba amechoka kukaa nyumbani kama kuku mwenye kulalia mayai. Mkubwa wa depo akampa kiti na kalamu. Jumatatu akahesabu mifuko. Jumanne akahesabu mifuko. Jumatano saa sita akasimama kwenda kuangalia kamioni iliyoingia, akashika ukuta, akakaa chini kwenye vumbi. Wakamrudisha kwake na pikipiki.

Daftari la pointaji, la kuonyesha nani amekuja kazini, lilikuwa linaandikwa na mimi. Mstari wake wote ulikuwa M, M, M, wino mwekundu, maana yake mgonjwa. Halafu P tatu za buluu, maana yake yupo kazini. Halafu M tena mpaka mwisho wa ukurasa.

Sasa sikilizeni kwa nini P hizo ni kitu. Sheria inampa patroni ruhusa ya kuvunja kontra ya mgonjwa baada ya miezi sita mfululizo ya kushindwa kazi (isipokuwa ugonjwa ao ajali iliyoletwa na kazi yenyewe, huko ruhusa hiyo haipo, na wazee wetu waliovuta vumbi la mgodi wanajua uzito wa munganga kuandika ao kutoandika neno hilo moja). Mfululizo. Toka 6 Machi mpaka mwanzo wa Septemba ni miezi sita. Toka 6 Julai mpaka mwanzo wa Septemba ni miwili. Maavoka watabishana kama siku tatu za mtu anayeshika ukuta ni kazi ao si kazi. Mimi nilizilipa kama kazi, mshahara mzima, bila kukata.

Barua ilitoka Alhamisi tarehe 7 Septemba. Niliipiga mwenyewe kwenye mashine. Iliandikwa «miezi sita mfululizo», na daftari lilikuwa limelala kando ya mkono wangu wa kushoto. Preavi, yaani pesa ya notisi ya kuachishwa kazi, alilipwa bila kukosa hata siku: siku 14 za kazi, na 7 kwa kila mwaka wa miaka tisa, jumla 77. Patroni hakuwa mtu mbaya. Alimlipa siku ile ile, kwa noti nzuri, wakati franga ilikuwa inaanguka kila wiki na kila siku ya kungoja ilikuwa hasara. Bili za lupitalu alikuwa amezilipa zote, na zilikuwa nyingi, kwa sababu mtoto wao wa tatu ana SS, ugonjwa wa selimundu, na alikuwa anaongezewa damu kila mara.

Hapa ningewaambia kama nilivyozoea kuwaambia vijana wa mtaani: angeenda kwa inspekta wa kazi. Haikulipishi kitu, na ni lazima upite kwake kwanza apatanishe, bila hivyo tribunali haipokei shauri lako. Angeomba ule upungufu wa 30.000 kila mwezi, mara sita, ambao ni sawa na mshahara mmoja wa baze. Angeomba daftari lifunguliwe. Hakwenda. Na mimi kwa miaka mingi nimekuwa nikitoa mfano wake, bila jina, kila nikitaka kuonyesha jinsi watu wanavyolala juu ya haki yao. Barua hii niliianza kwa nia hiyo hiyo, mnaona hapo juu.

Lakini nilipofika kwenye mtoto wa SS mkono ukawa mzito, kwa sababu mwaka juzi nilikutana na magazinie pale Soko la Mzee Kabila. Amenenepa, anauza misumari na kufuli. Tukaongea ya afya, ya watoto, ya umeme. Halafu nikamtolea lile la 30.000. Sijui nilitaka nini, labda anisamehe bila kujua anasamehe nini. Akacheka.

«Karani, tulihesabu. Bibi alihesabu mwezi wa kwanza tu, ku nyuma ya daftari ya mutoto. Tulijua inabakia elfu makumi tatu.»

«Sasa juu ya nini hamukusema?»

«Mutoto alikuwa ku lupitalu. Nani alikuwa analipa lupitalu?»

Akanipimia misumari niliyokuja kununua, akaongeza michache.

Kumbe walisoma. Mwanamke yule alikuwa amehesabu sawasawa kuliko mimi niliyefuta. Ila mtu unayemdai theluthi mbili ndiye huyo huyo anayetia sahihi karatasi ya kupeleka mtoto wako kuongezewa damu, na hapo kitabu hata ukikijua kwa moyo unakifunga.

Kwa hiyo swali lenu, mradi mnalitaka. Nilikuwa nimekuja kusema patroni, sheria ndivyo inavyosema. Nasema sasa asiwe patroni, ao asiwe peke yake. Pesa ya mgonjwa itoke kwenye kasha ambalo halimjui bibi yako wala mtoto wako, ambalo ukiligombeza leo kesho haliwezi kukunyima damu. Lakini msinishike sana kwa neno hili. Kasha linakula kile ambacho patroni ametangaza na kulipa, na nusu ya watu wanaotumika kwenye barabara ninayokaa hawajawahi kuona kontra ya karatasi. Kasha hilo litawajulia wapi? Mpwa wangu anatunza wazee Uingereza, aliugua mgongo mwaka mmoja, na hata kule ni mwajiri aliyemlipa kwanza, wiki 28 za sheria, wakati ule pesa kidogo ya kila wiki ambayo haikuangalia mshahara wake mzima, kisha akaambiwa aende kuomba kwa Serikali. Na jamaa ndio tuliomlipia nyumba mwezi uliokuwa katikati, kutoka huku. Kwa hiyo hata hao jamaa wa swali lenu siwafuti.

Kuhusu mimi na daftari, hamkuuliza, na sitajibu.

Mama, kama mtu atakusomea haya: ilikuwa ya 225.000. Ulikuwa unajua.

Karani wa zamani, Katuba, Lubumbashi