Bamba lishike kwanza, meno baadaye

Juzi mhadhiri mmoja kijana ameniandikia. Wanafunzi wake wa utengenezaji wa meno bandia wanapanga meno vizuri na kung'arisha akriliki, ile plastiki inayoyabeba, mpaka inameta, lakini mgonjwa akifungua mdomo tu, meno yote ya juu yanadondoka. Anauliza abadilishe nini. Najua wengi watamwambia anunue akriliki nzuri zaidi. Mimi namwambia aweke meno pembeni kwanza.

Wanafunzi wangu huanza na bamba tupu la akriliki, lile linalokaa juu ya ufizi, halina jino hata moja, na hakuna anayegusa nta ya kupangia meno kabla bamba lake halijashika kinywani. Nilipoanza utaratibu huu, mwenzangu mmoja mwandamizi alisema mbele ya kikao kizima kwamba nawapotezea muda watoto wa watu. Bado inaniuma, sifichi. Sasa wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alimwekea mgonjwa bamba la juu, akashika kile kimpini kidogo cha katikati, akavuta. Wapi! Akavuta tena, macho yamemtoka. Ikabidi ainue shavu la mgonjwa hewa ipenye, ndipo likaachia kwa mlio kama wa busu. Yule mwandamizi alikuwa chumba cha pili. Nilimwita aje aone? Nilimwita.

Kazi yote iko ukingoni. Utando mwembamba wa mate hulishika bamba kama maji yanavyogandisha vioo viwili, na hewa ikipata upenyo pembeni, basi tena. Kwa hiyo trei ya mgonjwa, ile ya kuchukulia umbo la kinywa chake, iishie kama milimita 2 kabla ya kina cha mfereji kati ya shavu na ufizi, kompaundi, ile inayolainika kwa joto na kuchukua umbo la ukingo, ipate pa kukaa. Hapa ndipo vijana wanapoharibu: wanailainisha kompaundi kwenye moto, wanapiga soga, inaingia mdomoni imeshakakamaa, kisha wanavuta shavu la mgonjwa bure. Wafanye kipande kimoja kimoja, kikitoka motoni wakichovye kwenye maji ya moto kipungue joto kisimuunguze mgonjwa, wavute shavu kikiwa bado laini. Ukingo uliokaa sawa huwa wa mviringo na umefifia. Panapong'aa, au penye ncha kali, nyama haikugusa. Irudiwe. Hata kama mwanafunzi amenuna, irudiwe.

Nyuma ya kaakaa, mgonjwa aseme "aaa", mwanafunzi achore mstari pale nyama laini inapoanza kutikisika. Mstari huo uhamishiwe kwenye umbo la plasta la kinywa, lililomwagwa kutoka kwenye trei, na plasta ikwanguliwe kidogo papo hapo. Akriliki ikiiva husinyaa, na bamba la juu huachana na plasta zaidi pale nyuma katikati. Ule mkwanguo ndio unaoziba pengo.

Uivishaji sitauzungumzia sana, kila maabara ina utaratibu wake. Mimi hutumia nyuzi 74 za Selsiasi kwa saa 8, kisha chupa, lile kasha linaloshika plasta na akriliki, ipoe yenyewe. Kimiminiko cha akriliki huchemka karibu na nyuzi 100, kwa hiyo anayepandisha moto ili awahi kwenda nyumbani atavuna matundu ndani ya bamba.

Na ninyi walimu, acheni kutoa alama kwa macho. Bamba linalong'aa juu ya meza halijathibitisha kitu. Livuteni likiwa kinywani, mbele ya mwanafunzi, na likitoka arudie ukingo. Mtachukiwa muhula mzima. Vumilieni, mgonjwa asiye na jino hana pengine pa kutafunia.

Bamba likishatoka kwenye plasta likae majini, lisiachwe likauke mezani kungoja siku ya mgonjwa. Siku hiyo lipakwe ile krimu nyeupe ya kuonyesha panapobana, pasuguliwe hapo tu, na ukingo usiguswe mpaka mgonjwa mwenyewe aonyeshe kwa kidole panapomuuma.