Mchezo wa mtu mmoja kuhusu Babu

SWALI: Assalaam alaykum kaka. Mie mwigizaji wa Michenzani, nataka kucheza jukwaani peke yangu habari za Abdulrahman Babu, yule mwanasiasa wa Zanzibar. Nimeandika toka alivozaliwa 1924 mpaka kufariki kwake London 1996 lakini wenzangu nikiwasomea wanasinzia. Nakosea wapi?

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Unataka kusema yote, na mtu mmoja hawezi kubeba miaka 71 kwa saa moja. Chagua pahala pamoja. Mie ningechagua jela, maana alikamatwa 1972 akatoka 1978, na humo humo ndani ndo alipoandika kitabu chake kuhusu ujamaa kilichotoka 1981, sasa fikiria mtu kafungiwa, fikra zinamchemka na hana wa kumwambia, hapo mchezo ushaanza wenyewe! Chama chake cha Umma Party na uwaziri wa 1964 vitakuja kama kumbukumbu tu.

Mpe wa kuzungumza nae, hata askari asieonekana, la sivo utatoa hotuba. Maneno ya kubuni usiyaite yake, waambie watu kabisa.

Na tafadhali usimfanye malaika. Hapa kwetu wapo wanaompenda na wapo wenye machungu ya mapinduzi mpaka leo, nenda barazani ukanywe nao kahawa uwasikilize wote, hasa wale wasiokubaliana nae.

Ukicheza Ngome Kongwe pale ni wazi, anza baada ya isha, na sauti ifanyie mazoezi pale pale. Ukipanga siku niambie, nakuja.