Oili ya jekihama inayotapika maji

Mkuu, umeuliza kama oili ya injini inafaa kwa jekihama ya upepo (nyundo ya kuvunjia miamba inayoendeshwa na hewa ya kompresa) inayotapika maji. Haifai: maji yanaiosha, pistoni inabaki kavu. Tafuta oili ya mashine za kuchoronga miamba. Imetengenezwa ishikane na maji, kwa hiyo kwenye ekzosi (tundu la kutolea hewa) utaona ukungu mweupe kama maziwa huku chuma kikibaki na utelezi. Kama ekzosi inaganda barafu, baridi hii ya Julai hapa Arusha inazidisha, hamia kwenye kilainishi cha glaikoli kinachoyeyuka majini. Ila usikichanganye na oili ya zamani, na soma maelezo yake kuhusu sili (raba za kuzuia kuvuja). Angalia rangi ya mashine pia, aina nyingine za kilainishi hicho huibandua. Na hilo tangi la kompresa, ambamo maji haya hukusanyika, unalimwaga maji kila siku?