Pikapu inawasha taa ya injini, P0420 na P0442: usikimbilie kununua katalaiza

Mkuu umesema pikapu yako ya petroli inawasha taa ya injini, umepima ikatoa namba za hitilafu P0420 na P0442, fundi kakwambia badili katalaiza (kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi) na jamaa mwingine kakushauri uchomoe tu betri taa izime. Ngoja nikupe yaliyonikuta, maana mimi nilipata namba hizo hizo mbili na nikafanya karibu kila kosa unalotaka kulifanya saivi.

Hilo la betri lisahau. Ukichomoa terminali unafuta kumbukumbu ya kompyuta basi, ugonjwa uko palepale. Taa itazima kweli na utafurahi, ila kompyuta ikishafutwa inaanza kujipima upya na vipimo vingine haivifanyi mpaka injini ilale ipoe kabisa na tenki liwe na mafuta ya wastani, sio limejaa pomoni na sio limebaki matone. Kwahiyo zile siku taa haiwaki gari haijapona, haijamaliza kujipima tu. Mimi niliingia mkenge hapo. Nilinunua sensa ya oksijeni ya nyuma, ile inayokaa baada ya katalaiza, nikafunga, nikafuta, taa ikatulia wiki nzima nikaanza kujiita fundi. Siku ya nane hiyoo, imewaka.

Sasa elewa P0420 inasema nini. Haisemi "katalaiza imekufa", na kompyuta haina jicho la kuiona katalaiza. Inachofanya inalinganisha sensa mbili. Ya mbele kwenye gari nyingi inarukaruka kati ya 0.1 na 0.9 volti muda wote, hiyo ni kawaida yake. Ya nyuma injini ikishachemka inatakiwa itulie, mara nyingi kwenye 0.6 au 0.7 hivi, kwasababu katalaiza nzima inahifadhi ile oksijeni na kuitumia humohumo ndani. Ya nyuma ikianza kucheza ngoma ileile ya mbele ndo kompyuta inawasha taa. Nikaazima mashine inayoonyesha hizo volti injini ikiwa inaunguruma, na kweli sensa yangu mpya kabisa ilikuwa inarukaruka vilevile kama ya zamani, yani pesa ya sensa niliichoma bure.

Ila kuna kitu kingine kinachoweza kuirusha sensa ya nyuma nacho ni hewa ya nje. Moshi hautoki kwenye ekzosi mfululizo kama maji ya bomba, unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo kuna mvuto kidogo unaonyonya hewa kama kuna upenyo. Ikipenya karibu na sensa, sensa inaona oksijeni kibao na kompyuta inailaumu katalaiza ambayo haina kosa.

Upenyo wenyewe usiutafute gari imechemka, chuma kikipata moto kinatanuka na kujiziba, ndo maana kwa fundi hatukusikia kitu. Asubuhi injini ikiwa baridi washa, inama usikilize tk tk tk inayoenda na mzunguko wa injini, na angalia kama kuna masizi meusi kwenye maungio. Mimi masikio yangu mabovu bhana, nikatumia njia nyingine, injini imezimwa na imepoa, mashine ya kufyonza vumbi nikaigeuza ipulize, nikaichomeka kwenye mkia wa ekzosi nikaziba pembeni na tambara, afu nikapaka maji ya sabuni kila ungio. Mapovu yakatoka kwenye flenji (ungio la bolti) ya nyuma ya katalaiza, sentimita chache tu kabla ya sensa. Gasketi imeungua upande mmoja.

Bolti za hapo zina kutu balaa, zipulizie dawa ya kutu usiku ulale nazo. Mimi kwa haraka zangu nilikata moja na kuitoa ilinila siku nzima. Kwangua gasketi ya zamani yote, funga mpya, kaza kwa zamu kidogo kidogo usimalize bolti moja ndo uhamie nyingine. Na mtu asikudanganye upake silikoni ya kawaida, mvuke wake unaua sensa.

P0442 ni habari nyingine kabisa, hiyo ni mvuke wa petroli unavuja mahali, tundu dogo. Anza na mfuniko wa tenki, kagua mpira wake kama umepasuka na uukaze mpaka ulie. Wangu ulikuwa mzima. Nikalala chini ya gari nikafuata mipira toka tenki hadi kwenye kopo la mkaa linalonasa ule mvuke, ambalo kwenye pikapu nyingi limefungwa kwenye chesisi huko linakokula tope na vumbi, nikakuta mpira mmoja umepasuka kwenye kona. Nikabadili kipande kwa mpira wa petroli, usiweke wa maji utayeyuka. Ungekuwa mzima ningeenda kwenye valvu ya mvuke kule kwenye injini, ile inayofungua mvuke wa kopo uingie injini, ikiwa haina umeme ukipuliza hewa haitakiwi kupita. Na dalili yake ikikwama wazi, gari inasumbua kuwaka ukitoka tu kujaza mafuta. Halafu kwenye pampu ikishakata usiongezee ongezee, unapeleka petroli yenyewe kwenye kopo la mkaa na kopo likilowa limekwisha.

Nilipomaliza vyote nilifuta mara moja, nikatembea wiki mbili na tenki nusu, nikiwasha asubuhi ikiwa baridi, mpaka mashine ikaonyesha vipimo vyote vimekamilika. Katalaiza ni ileile.

Taa ikianza kupepesa, hapo ni injini inamisi, yani silinda inashindwa kuchoma petroli yake, na petroli mbichi inaenda kuungulia ndani ya katalaiza, punguza mguu, paki, kashughulike na plagi na koili kwanza. Hiyo ndo inayoua katalaiza kweli, hiyo na kuunguza oili. Kwahiyo kabla hujatoa pesa nijibu hapa, gari yako inakula oili? Ushawahi kuiendesha muda mrefu inamisi? Na volti za sensa ya nyuma injini ikiwa imechemka zinasomaje?