Tangi limejaa, reli imekauka

SWALI: Nina karakana Fuoni, tunachonga milango ya nakshi kwa mashine ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta. Kengele ya mafuta ya kulainishia ilikuwa ikilia na tangi limejaa. Fundi aliyekuja aliunganisha waya ikanyamaza, kisha akatia oili ya gari iliyochanganywa na mafuta ya taa ili ipite vizuri. Sasa daraja, ile boriti inayobeba kichwa cha kuchongea na kutembea juu ya reli, linakwaruza upande wa kushoto, na pampu naisikia inafanya kazi. Tatizo ni nini?

JIBU: Ndugu yangu, huo waya uutoe leo. Kengele ikilia na tangi limejaa, mara nyingi ni boya la kupimia mafuta limenasa kwenye tope lililolala chini ya tangi. Kulisafisha ni kazi ndogo. Kengele uliyoifunga mdomo haitakwambia hata siku tangi litakapokauka kweli.

Hilo la kuisikia pampu ndilo ninaloletewa kila mara, na linanichosha. Sauti inakwambia mota inazunguka, basi. Baina ya pampu na reli pana chujio, vigawaji vinavyoipimia kila sehemu mafuta yake, na mita kadhaa za mirija myembamba. Mrija mkuu ukipasuka kabla ya vigawaji, mafuta hukimbilia hapo, presha haipandi, na reli zote hubaki na njaa. Nimeshakuta mrija uliosagika ndani ya mnyororo unaobeba nyaya za mashine, mafuta yanachuruzika kwenye vumbi chini ya meza, na mwenye karakana ameridhika kuwa mashine inakula mafuta vizuri. Wengine huridhika kwa kinyume chake: tangi halijapungua mwezi mzima, wanaona wamebana matumizi. Tangi lisilopungua maana yake reli hazipati kitu.

Daraja likiwa limesimama, fungua mrija pale unapoingia kwenye kitelezi cha kushoto, kile kipande chenye gololi ndani kinachotembea juu ya reli, weka kitambaa cheupe, mwenzako aipige pampu kwa mkono mara tatu nne. Tazama geji: mshale upande, kisha ushuke pampu ikiachiwa, maana vigawaji vya pistoni havijijazi tena mpaka presha itoke. Tone lisipoonekana, rudi nyuma kiungo kwa kiungo mpaka ulikute. Ukiona mapovu kwenye mrija, endelea kupiga mpaka yaishe ndipo ufunge. Mrija mpya mimi huujaza mafuta kwanza kwa bomba la sindano.

Oili hiyo imwage yote, usafishe tangi na chujio. Tia mafuta maalumu ya reli, ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine yako. Nyingi hutaka VG 68, na hiyo 68 ni kipimo cha uzito wake, yaani ugumu wa kutiririka, kwenye nyuzi joto 40 za Selsiasi. Ukichanganya mafuta ya taa umeuvunja uzito huo, na utando unaozitenga gololi na chuma haupo tena. Oili ya gari nayo imetengenezwa iuchukue uchafu iupeleke kwenye chujio la injini. Kwenye reli hakuna chujio la kuupokea. Nilifungua kitelezi kilicholishwa oili hiyo: unga wa mninga umeshikana nayo, kahawia, unanata kama haluwa, na gololi zinaburutwa badala ya kubingirika. Mwengine akikwambia utie grisi kwenye mfumo huo wa mafuta, mkatalie vilevile. Itaziba mirija yote.

Visiwani kwetu hakuna nafasi ya kubahatisha. Hewa ina chumvi, na chuma kisicho na mafuta huanza kutu ndani ya siku chache. Mafundi wanaozunguka na kopo la dawa ya kupuliza huosha hata yale mafuta kidogo yaliyosalia, mashine ikalainika jioni moja, wakalipwa, wakaondoka. Anayekwambia mafuta ni mafuta usimwache aiguse mashine yako.

Ukishaisafisha reli ya kushoto, pitisha ukucha taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikwama kwenye vishimo, mafuta hayatavifuta. Badilisha reli na vitelezi vyake kabla hujaurudisha mlango wowote juu ya meza.